Kupima Dawa ya Miti si Kuidharau

Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma



Karibu na nyumba nyingi za Tanzania husimama mti mmoja usiohitaji kutambulishwa kwa mtu, nao ni mwarobaini. Jina lake peke yake ni sifa kubwa, kwani maana yake ni mti utibuo maradhi arobaini. Mtoto akishikwa na homa usiku, majani huchumwa na kuchemshwa, na kabla jogoo hajawika mama huwa amekwisha kumnywesha mwanawe kikombe cha maji machungu. Mama huyo si mjinga wala si mzembe. Anatenda alilofundishwa na mama yake, naye mama yake alifundishwa na waliomtangulia. Hata hivyo liko swali moja ambalo heshima kwa wazee peke yake haiwezi kulijibu: mtoto akipoa, itajulikanaje kwamba kilichomponya ni kikombe kile?

Swali hili laonekana dogo, lakini uhai wa watu unalitegemea. Homa si ugonjwa mmoja. Ziko homa ambazo huondoka zenyewe baada ya siku mbili tatu, mgonjwa anywe dawa au asinywe. Na iko malaria iletwayo na vimelea viitwavyo Plasmodium falciparum, ambayo yaweza kumtoa mtoto mdogo katika michezo yake na kumfikisha kwenye degedege, upungufu wa damu na kifo kwa muda wa siku chache tu. Tena mtu mzima aliyekulia penye mbu wengi, mwili wake umekwisha kuzoea kupambana na vimelea hivyo, na mara nyingine hupata nafuu bila msaada. Basi mtu mzima akipona, mti husifiwa. Mafua yakiondoka, mti husifiwa. Lakini mtoto akifa, husemwa kwamba aliletwa kwa kuchelewa, au kwamba upo mkono wa mtu. Dawa inayosifiwa kwa kila anayepona, na isiyoulizwa habari za yeyote anayekufa, haiwezi kamwe kujulikana thamani yake.

Hiyo ndiyo sababu ya kupima. Lakini kabla ya kueleza jinsi upimaji unavyofanyika, hapana budi kwanza kutaja makosa mawili yanayokutana katika jambo hili. Kosa la kwanza ni la msomi ambaye akisikia neno mganga hufikiri mara moja juu ya hirizi na ramli, asikumbuke kwamba mzee huyo huyo anajua miti ya msitu mzima kwa majina, kwa harufu na kwa majira yake. Kosa la pili ni la yule anayedai kwamba dawa ya asili haina haja ya kupimwa, ati kwa kuwa wazee waliitumia na kwa kuwa haikutoka kiwandani. Wa kwanza anaidharau dawa bila kuijua. Wa pili anaisifu bila kuijua. Wote wawili wamekataa kuuliza.

Historia ya dawa za malaria yawakosoa wote wawili. Dawa mbili zilizookoa watu wengi sana katika ugonjwa huu zilitoka katika mimea. Ya kwanza ni kwinini. Gome la mti wa sinkona, unaoota katika milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, lilipelekwa Ulaya na mapadri katika karne ya 17. Kwa miaka mingi liliponya wengine na wengine lisiwaponye, kwa sababu gome la mti mmoja lilikuwa kali na la mti mwingine hafifu, wala hapakuwa na mtu aliyeweza kuzitofautisha kwa macho. Mwaka 1820, mjini Paris, Pelletier na Caventou walifaulu kukitenga kiini chenyewe cha dawa kutoka katika gome hilo. Tangu siku hiyo daktari aliweza kupima ni kiasi gani anampa mgonjwa. Gome halikudharauliwa kwa kitendo hicho. Lilipewa kipimo.

Habari hii ina sehemu yake hapa nchini. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea huko Amani, katika milima ya Usambara, na miongoni mwa miti iliyopandwa huko ilikuwamo sinkona. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka na njia za bahari zikafungwa, kwinini ya askari wa Kijerumani ilitengenezwa papo hapo Amani. Askari hao walipofukuzwa wakaingia porini na vidonge vikapungua, walichemsha magome na kunywa maji yake, machungu kupita kiasi. Ni mti ule ule, lakini kati ya kidonge kilichopimwa na sufuria ya magome kuna tofauti kubwa: mwenye kidonge anajua anameza kiasi gani, na mwenye sufuria anakisia.

Dawa ya pili ilitoka China, na namna ilivyopatikana yastahili kufundishwa katika kila darasa la sayansi. Wakati wa vita vya Vietnam, malaria iliwaangusha askari wengi, na dawa ya klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa. Vietnam ya Kaskazini iliomba msaada, na tarehe 23 Mei 1967 China ilianzisha mpango wa utafiti ulioitwa kwa tarehe hiyo, yaani Mpango wa 523. Mwaka 1969 mtaalamu mmoja mwanamke, Tu Youyou, wa chuo cha utafiti wa tiba za jadi mjini Beijing, alikabidhiwa kuongoza sehemu ya kazi hiyo. Yeye na wenzake walikusanya maelezo ya dawa za wazee yapatayo 2,000. Kutoka katika mimea ipatayo 200 walikamua dawa za namna zipatazo 380, wakazijaribu moja moja kwa panya wenye malaria.

Mmea uitwao kwa Kichina qinghao ulionyesha dalili njema mara ya kwanza, kisha ukashindwa majaribio yaliporudiwa. Mtu mwenye haraka angeutupa. Tu Youyou alirudi kwenye vitabu vya zamani, akakuta maelekezo ya tabibu Ge Hong, aliyeishi katika karne ya 4, ambaye aliagiza majani yalowekwe katika maji na kukamuliwa. Kuchemsha hakukutajwa. Hapo ndipo alipong'amua kwamba yamkini moto ndio ulioiharibu dawa. Akaikamua upya kwa etha, kimiminiko kinachochemka kwa joto dogo sana, na mwezi Oktoba 1971 sampuli namba 191 iliviangamiza vimelea vyote katika panya. Mwaka 1972 yeye na wenzake waliinywa dawa hiyo wao wenyewe kwanza, ili kuona kama ina sumu, ndipo ikapelekwa kwa wagonjwa 21 katika kisiwa cha Hainan. Mwaka huo huo kiini chake, artemisinini, kilitengwa. Mwaka 2015 Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel.

Yapo mafunzo matatu katika habari hiyo. La kwanza, maneno ya mzee wa karne ya 4 yalikuwa na thamani, tena thamani iliyofichika katika neno moja la namna ya kutayarisha. La pili, maneno hayo yasingetosha bila panya, bila darubini na bila wagonjwa waliofuatiliwa kwa uangalifu. La tatu linahusu majina. Jina la qinghao lilikuwa likitumiwa kwa mimea zaidi ya mmoja, na ni ule uitwao na wataalamu Artemisia annua ndio wenye dawa. Ambaye angechuma mmea wa jina lile lakini si wa aina ile, angemnywesha mgonjwa maji matupu.

Sasa yafaa kueleza ngazi ambayo dawa ya mti hupanda kabla haijaruhusiwa kumkaribia mgonjwa.

Daraja la kwanza ni kuujua mti wenyewe. Tawi lenye majani, na maua au matunda ikiwezekana, hukaushwa na kuhifadhiwa, na jina lake la kitaalamu huandikwa. Huandikwa pia mahali ulipochumwa, mwezi uliochumwa, na sehemu iliyotumika, ama mzizi, ama gome, ama jani. Kisha mmea hukaushwa kivulini, husagwa, na dawa hukamuliwa kwa maji, kwa spiriti au kwa vimiminiko vingine, maana kiini kisichoyeyuka katika maji chaweza kuyeyuka katika spiriti.

Daraja la pili ni chombo cha kioo. Mwaka 1976, huko New York, Trager na Jensen walionyesha njia ya kuvilea vimelea vya malaria katika damu ya mtu ndani ya maabara. Tangu hapo mtafiti aweza kuichanganya dawa na damu yenye vimelea, kidogo kidogo kwa viwango mbalimbali, na kuona ni kiwango kipi kinachozuia nusu ya vimelea visikue. Lakini hata sabuni na siki vitaua vimelea katika chombo. Kwa hiyo dawa hiyo hiyo hujaribiwa pia juu ya chembe hai za mwili. Ikiwa inaua chembe za mwili kwa kiasi kile kile inachoua vimelea, hiyo ni sumu na si dawa.

Daraja la tatu ni panya. Malaria ya binadamu haiwapati panya, lakini mwaka 1948 huko Katanga, nchini Kongo, vilipatikana katika panya wa porini vimelea jamaa na vile vya binadamu, viitwavyo Plasmodium berghei. Hivyo ndivyo vinavyotumika katika maabara za dunia nzima. Hapa dawa nyingi zilizong'ara katika chombo huzimika, kwa sababu tumbo huziharibu, au ini huziondoa mwilini, au haziingii katika damu kwa wingi wa kutosha.

Daraja la nne ni binadamu, na hapa hakuna ruhusa ya kukimbia. Kwanza watu wazima wenye afya, wachache, wanaojitolea kwa hiari na kwa kufahamu hatari iliyopo, hupewa dawa ili kuona usalama wake. Kisha wagonjwa wachache ambao malaria yao imethibitishwa kwa damu. Mwisho wagonjwa wengi, waliogawanywa kwa kura katika makundi mawili, kundi moja likipewa dawa mpya na jingine dawa inayotumika na kuaminika. Hufuatiliwa kwa siku 28 au zaidi, maana vimelea vyaweza kujificha na kurudi baada ya homa kupoa. Mgonjwa ambaye hali yake haigeuki kuwa njema hupewa mara moja dawa inayojulikana. Maisha ya mtu hayawekwi rehani kwa ajili ya jaribio.

Tanzania haikukaa pembeni katika kazi hii. Mwaka 1974 kiliundwa huko Muhimbili kitengo cha utafiti wa dawa za jadi, ambacho mwaka 1991 kilikuwa Taasisi ya Tiba Asili. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Mwaka 1994 wataalamu wa Uswisi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitangaza matokeo ya kupima mimea 43 ya Tanzania katika chombo, juu ya vimelea vilivyokwisha kuwa sugu kwa dawa kadhaa. Zaidi ya theluthi moja ya mimea hiyo ilionyesha nguvu kubwa, na miongoni mwa iliyotia fora ulikuwamo Maytenus senegalensis, kwa gome la mizizi yake. Matokeo hayo yaliwapa haki waganga walioitaja mimea ile. Lakini watafiti hawakuwaambia wananchi wakachimbe mizizi. Mwaka 1995 walitangaza matokeo mengine, ya kuipima mimea hiyo katika panya na juu ya chembe hai, kwa sababu walijua kwamba wamepanda daraja moja tu la ngazi.

Hali ya mwarobaini ni ya namna hiyo. Viko viini vyake, mathalan kile kiitwacho gedunini, vilivyoua vimelea katika chombo. Lakini haijapatikana dawa ya mwarobaini iliyopita majaribio ya wagonjwa na kuidhinishwa kutibu malaria. Mtu asemaye kwamba maabara imethibitisha mwarobaini unatibu malaria anasema nusu ya kweli, na nusu hiyo yaweza kumwua mtoto.

Jambo hili lahusu pia majani ya Artemisia, ambayo watu hutengeneza chai wakidhani kwamba, maadam dawa ya hospitali ilitoka katika mmea huo, basi chai yake ni dawa ile ile. Shirika la Afya Duniani halikubali chai hiyo kuwa tiba, wala kinga, ya malaria. Kiasi cha dawa katika majani hutofautiana kutoka shamba hadi shamba, na kikombe chaweza kuwa na dawa kidogo isiyotosha kumaliza vimelea. Vimelea vinavyobaki ni vile vilivyoizoea dawa, navyo ndivyo vitakavyoingia kwa mbu na kupelekwa kwa jirani. Ni kwa sababu hiyo kwamba mwaka 2006 Shirika hilo lilitaka hata vidonge vya artemisinini vyenye kutumika peke yake vikomeshwe, na dawa hiyo itolewe pamoja na nyingine. Hiyo ndiyo dawa mseto.

Usugu si hadithi ya mbali. Klorokwini iliyokuwa tegemeo la kila zahanati ilishindwa, na mwaka 2001 Tanzania Bara iliiacha ikachukua SP. Nayo SP haikudumu, na mwishoni mwa mwaka 2006 ikaja dawa mseto. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba nchini Rwanda vimeonekana vimelea vyenye badiliko linaloidhoofisha artemisinini. Mwaka 2021 zikafuata habari za Uganda, na baadaye za mkoa wa Kagera. Dawa mseto ingali inaponya, lakini hodi imekwisha kupigwa. Katika mwaka 2023 malaria ilikadiriwa kuua watu 597,000 duniani, walio wengi wakiwa watoto wa Afrika wa chini ya miaka mitano. Dawa mpya itahitajika, na yawezekana kabisa kwamba mti wake unaota leo katika msitu fulani wa nchi hii, na kwamba anayeujua ni bibi mmoja asiyejua kusoma.

Maneno hayo yaleta wajibu. Wa kwanza ni wa haki. Waganga wengi huficha miti yao, na husemwa kwamba wana choyo. Lakini mtu ambaye ujuzi wake ulichukuliwa jana bila shukrani, leo atakuwa na sababu ya kunyamaza. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 imewapa waganga nafasi inayotambulika, na Mkataba wa Nagoya wa mwaka 2010 umeweka kanuni ya kugawana faida inayotokana na mali asili na ujuzi wa wenyeji. Mtumishi wa umma anayempokea mtafiti wilayani kwake yampasa aulize mapema: je, mwenye ujuzi ameelezwa, amekubali, na jina lake litaandikwa? Mganga akitendewa haki, mithali ya mficha uchi hazai itakuwa na maana kwake.

Wajibu wa pili ni wa msitu. Dawa nyingi hutoka katika mizizi na magome, na mti uliong'olewa mizizi hauoti tena. Ofisa wa misitu anayelinda mlima mmoja anahifadhi duka la dawa ambalo bado halijafunguliwa.

Wajibu wa tatu ni wa mwalimu. Yeye ndiye awezaye kumfundisha mtoto, bila kumtukana bibi yake, tofauti iliyopo kati ya kusikia na kuthibitisha. Wanafunzi waweza kuandika majina ya miti ya kijiji chao, kukausha majani yake na kulinganisha majina ya kabila moja na jingine. Wakiona jina moja limebeba miti miwili, watakuwa wamejifunza somo la kwanza la utafiti wa dawa. Na waelewe jambo hili kuliko yote: mtoto mwenye homa hupelekwa zahanati siku hiyo hiyo, akapimwe damu, na akikutwa na malaria apewe dawa mseto na kuimaliza. Akishikwa na degedege, safari ni ile ile, tena kwa haraka zaidi. Mti unaofanyiwa utafiti waweza kusubiri miaka kumi. Mtoto hawezi kusubiri hadi kesho.

Mama aliyechuma majani usiku alifanya hivyo kwa upendo, na upendo huo haustahili kuchekwa. Unastahili kupewa zahanati iliyo karibu, yenye kipimo na dawa, na watu wa kumweleza kwa lugha anayoifahamu. Unastahili pia wataalamu watakaouchukua mti wake, wauulize maswali yote magumu, na kurudi kumwambia ukweli, ukiwa mtamu au ukiwa mchungu kama majani yenyewe.